Zizi Chini ya Kioo

Hapa Kayanga ukimuulizia fundi Mwebesa utaonyeshwa mageti. Watakuambia, “Lile geti la kanisa kule juu ni mkono wake,” au “Madirisha ya yule bwana wa kahawa, ni yeye.” Mimi ni mke wake tangu hajawa na mashine yake mwenyewe ya kuchomelea, na sijawahi kumsikia mtu wa mji huu akisema: yule ndiye anayetengeneza ng'ombe. Naitwa Allen. Nauza vitenge sokoni na mdomo wangu wanaujua. Wasiposema wao, nitasema mimi.

Mume wangu ni mtu wa chuma na kioo. Meza zake hazina miguu kama meza za watu. Ukiinama unakuta mgomba wa chuma umeelemewa na mkungu, au korongo wawili wamevuka shingo, na hao ndio wanaobeba kioo. Chuma anakitafuta kwa wavunja magari mabovu: springi za fuso, mabomba ya moshi, nondo zilizosalia kwenye majengo ya watu. Kioo kinatoka Bukoba kwa basi, kimefungwa katikati ya magodoro mawili, na siku kikiwa njiani Mwebesa chakula hakimpiti kooni.

Watu walizisifu meza zake, tena sana. Bwana Aristides, ofisa mmoja aliyehamia hapa kutoka Bukoba, aliagiza moja ya migomba, akaja kuichukua mwenyewe akiwa na tai shingoni. Krismasi tukaenda kuwasalimia. Sebuleni sikuiona meza. Niliona kitambaa kikubwa cha kufuma, juu yake kitambaa kidogo, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Migomba ya mume wangu ilikuwa huko chini gizani.

“Ni nzuri, dada,” mkewe Evaresta akaniambia kwa sauti ya chini. “Ila ukikaa, magoti yote yako nje. Siku akija baba mkwe nitayaficha wapi?”

“Mngenunua ya mbao,” nikamjibu, na sikupunguza sauti.

Njiani nilivitukana vitambaa vyote vya Mkoa wa Kagera, vya Wakatoliki kwa vya Walutheri. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi una kitambaa, kana kwamba nyumba nzima ni maharusi. Nikaapa kwamba nyumbani kwangu kitambaa hakitapanda juu ya kioo maadamu ninaishi. Mwebesa hakucheka. “Kioo niliweka ili waone,” alisema.

Sasa ili umjue Mwebesa lazima umjue baba yake, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Mzee Leonadi alikuwa mfugaji wa Kimuli, huko Kyerwa, wa wale ambao fimbo haitoki mkononi hata wakienda kanisani. Alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu, wale ambao wakipita barabarani gari husimama lenyewe. Mwebesa alipokuwa bado mtoto wa kuchunga ndama, ugonjwa wa mapafu uliingia zizini, wakafa karibu wote. Mzee akabaki na fimbo na vibuyu vya maziwa vilivyokauka. Mtoto akapelekwa chuo cha ufundi cha misheni, kwa kuwa hakukuwa tena na cha kuchunga.

Mzee hakumsamehe kwa hilo. Kwao kugonga chuma ni kazi ya watu wengine. Mtoto wa mwenye ng'ombe hashiki nyundo. Mtu akimuuliza, “Mzee, yule kijana wako siku hizi anafanya nini?” alijibu, “Yuko Kayanga. Anawafungia watu ndani.” Hakuwahi kukanyaga karakana yetu. Mwebesa alimpelekea kitanda cha chuma, mzee akakigeuza kichanja cha kuanikia maharage.

Mahari yangu nayo ilikuwa na vituko vyake. Baba yangu, mzee Rweyemamu, ni mfanyabiashara wa Muleba, Mlutheri wa benchi la mbele, na hakuomba ng'ombe. Zizi hana, ana migomba, kahawa na duka. Mzee Leonadi akaleta ng'ombe hata hivyo, jike, akimtembeza kwa miguu kutoka Kimuli hadi Muleba, akilala njiani kwa watu. Alikuwa mzee yule ng'ombe, na pembe zake zilikwama kwenye migomba yetu. Wajomba zangu wakapata la kusema: “Tumeozesha binti, tumeletewa bibi!” Akachinjwa siku ya kuniaga. Nyama ilikuwa ngumu, kaka zangu wanaitania mpaka leo. Mzee Leonadi akawekewa sahani ya kwanza, kama inavyostahili. Akaisukuma pembeni, akasema meno yanamuuma. Alikula ndizi zisizo na mchuzi, akaaga mapema.

Niliona maringo. Nikasema moyoni, huyu mzee anajiona mfalme wa Karagwe.

Miaka ikapita, tukampata Prudensia wetu, karakana ikakua. Halafu Mwebesa akaanza kutengeneza meza ambayo haikuwa ya mteja. Aliifanya jioni mageti yakishakwisha. Nilipoona pembe za kwanza zimeegemezwa ukutani nikajua ni nini.

“Ni ng'ombe wa kwenu?”

“Ni wao.”

“Watakuwa wangapi?”

Akanitazama kama mtu aliyeombewa msiba. “Ng'ombe hahesabiwi, Mama Prudensia. Ukimhesabu umemwitia fisi. Ng'ombe anaitwa jina.”

Ndivyo walivyolelewa. Jioni mzee alisimama kwenye lango la zizi akiita majina, na kila ng'ombe aliingia kwa zamu yake ambayo haikubadilika. Mwebesa alifuata zamu ile ile. Aliita jina kwa mdomo, akafumba macho, ndipo akaanza, na siku zote alianza na pembe. Kiwiliwili hakikumsumbua, kipande cha springi kilitosha. Lakini pembe hakuziunga kwa kuchomelea. Aliitia nondo kwenye mkaa, akapuliza kwa mvukuto mpaka ikawa nyekundu, akaikunja kabla haijapoa. Ikikunjika vibaya aliitupa, hata kama mimi nimeiona nzuri. “Hiyo si ya Gaju,” alisema. “Ya Gaju ilifunguka kwanza, ndipo ikapanda.” Gaju alikufa miaka mingi iliyopita na mtu bado anabishana na pembe yake.

Nilimuuliza anataka nini hasa kwa kazi yote hiyo. Alikuwa anapiga msasa, akaacha.

“Nataka awaite tu majina,” alisema. “Akimwita hata mmoja, nitajua ameona kwamba mimi ni mtoto wa zizi lile.”

Mtu mzima, baba wa mtoto, fundi anayeheshimika, na kitu alichokitaka duniani kilikuwa jina la ng'ombe kutoka kwenye kinywa cha mzee mmoja mkaidi.

Meza ilipokwisha ilikuwa zizi zima, lango likiwa upande mmoja, ng'ombe wakiingia, kila mmoja na pembe zake, na juu yao kioo kinene alichokigandisha kwa gundi ya vioo ili kisicheze njiani. Clavery, rafiki yetu mwenye pikapu, akatupeleka Kimuli mwendo wa kobe.

Wifi yangu Nabasa, anayeishi na mzee, alitupokea. Niliona anataka kusema jambo, kisha akakimbilia jikoni. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, fimbo juu ya mapaja.

“Shikamoo tata,” tukasema, yaani baba.

“Marahaba. Karibuni ndani, jua kali.”

Meza ikaingizwa, ikawekwa mbele yake. Mwebesa akarudi nyuma, akasimama mikono ikiwa mgongoni kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Mzee akakaa kimya. Mimi kimya sikiwezi, nikafungua mdomo niseme, tata, tazama huyo wa mbele. Mwebesa akanishika mkono.

“Mwenye macho haambiwi tazama,” akaninong'oneza.

Mzee akanyoosha fimbo, akagonga meza. Ikalia. Akaweka kiganja juu yake, akakipitisha huku na huku.

“Kioo,” alisema.

“Ndiyo, tata.”

“Mwebesa, nyumba yangu ina dirisha. Umeniletea lingine la kulaza chini?”

Kisha akaanza habari za mvua. Mvua! Akauliza kama huku kwetu, upande wa Kituntu, imenyesha, akauliza bei ya chumvi. Mwebesa alijibu kila swali kwa adabu, na tulipoondoka akapiga goti kuaga. Tulipokwisha kupita Nkwenda alimwomba Clavery asimame, akashuka, akahamia nyuma palipokuwa na meza. Mimi nililia kwa hasira. Nilimchukia yule mzee, na wala sikumficha Mungu.

Baada ya hapo mkaa haukuwashwa tena. Mvukuto ulitundikwa, panya wakaula ngozi. Mwebesa akarudi kwenye mageti na vitanda vya shule, na mteja akileta picha ya meza alimwambia kioo kimekuwa shida. Nyumbani alikuwa mpole kupita kiasi. Ningefurahi kama angevunja hata sahani.

Msimu wa senene Nabasa alikuja sokoni na ndoo yake ya kuuza. Tukakaa nyuma ya meza yangu ya vitenge, tukinyonyoa senene, ndipo akaanza kulia.

“Wifi, tata haoni.”

“Haoni nini?”

“Haoni kabisa. Ni presha ya macho. Tangu kabla hamjaleta ile meza.”

Mzee alikuwa amemkataza kusema. Mfugaji kipofu ni mzigo, alisema, na wakijua watanihamishia mjini nikafie kwenye saruji. Njia ya kisimani aliijua kwa miguu, watu aliwajua kwa sauti, na Nabasa alilazimika kuishi naye kana kwamba anaona. Ukimuelekeza kikombe kilipo anakasirika siku nzima.

“Na meza? Hata wewe hukumwambia chini ya kioo kuna nini?”

“Ningemwambia, ningekuwa nimemwambia kwamba najua haoni,” alisema. “Kila jioni anaipapasa. Ananiuliza, hivi Mwebesa aliniletea dirisha la nini?”

Niliacha senene, niliacha vitenge, nilikwenda karakana mbio na kandambili mkononi. Mwebesa alinisikiliza mpaka mwisho. Alivua kinyago cha kuchomelea, akakaa juu ya kipande cha bomba, akafunika uso. “Nilimpa kioo,” alikuwa akisema. “Mimi nilimpa kioo.”

Jumapili iliyofuata tulikuwa Kimuli. Mwebesa hakusema kitu juu ya macho. Alitoa waya mwembamba wa breki ya baiskeli, akaupitisha chini ya kioo, akaikata gundi taratibu pande zote. Mzee alikuwa anasikiliza kwa kichwa kilichoinama.

“Unafanya nini hapo?”

“Nafungua dirisha, tata. Nipe mkono.”

Ajabu, akampa. Tukakiinua kioo, mimi na Nabasa, tukakiegemeza ukutani. Mwebesa akauchukua mkono wa baba yake akauweka kwenye pembe ya wa kwanza, akauachia.

Mkono ukasimama. Kisha vidole vikaanza kupanda, polepole, mpaka kwenye ncha, vikashuka, vikapanda upande wa pili.

“Gaju,” alisema mzee.

Sauti yake ilikuwa nyingine. Akahamia kwa anayefuata. “Kyasha. Ya kulia ilikuwa chini kidogo. Ndiyo. Hivi hivi.” Akahamia tena. “Siina! Mwizi wa migomba ya watu!” Akacheka, na mimi sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alikwenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, wengine akiwasemesha kwa Kinyambo, lugha yao, na hakukosea hata mmoja. Mwebesa alikuwa amepiga magoti sakafuni, machozi yanadondoka bila sauti. Nabasa alipiga vigelegele. Nami nikasema, asante Mungu, waitu, yamekwisha.

Mkono ukafika kwenye lango. Ukapapasa chuma kitupu. Ukarudi mwanzo, ukapita tena juu ya migongo yote, na mzee alikuwa akiita majina chini ya pumzi. Ukafika tena langoni.

“Bihogo yuko wapi?”

Mwebesa akafuta machozi kwa mkono wa shati.

“Mwebesa. Bihogo, yule mwekundu. Alikuwa wa mwisho kuingia, siku zote wa mwisho. Yuko wapi?”

“Tata, niliweka wale waliokufa kwa ugonjwa.”

“Kwani yeye yu hai?”

Mwebesa akainamisha kichwa.

“Ndiye aliyebaki,” mzee alisema. “Zizi zima lilikufa, akabaki yeye. Nilimtembeza hadi Muleba ili wewe uoe. Sikumpeleka kuchinjwa. Nilimpeleka apokelewe.”

Akageuza uso upande niliposimama. Hakunitukana, laiti angenitukana. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka tu. Akatoa mkono zizini, akaufuta kwenye kanzu yake.

“Rudisha kioo,” alimwambia mwanawe.

Tukakirudisha. Kisha akauliza kama Kituntu imenyesha.

Kwao ng'ombe wa mahari hachinjwi. Nilikuja kuelezwa hayo nikiwa na miaka yangu yote ya ndoa. Anapokelewa, anafungwa kwa wakwe, akizaa habari zinarudishwa, na undugu unatembea kwa miguu yake. Akizeeka anaachwa afe na uzee wake. Sisi watu wa duka tulimwona nyama, tena nyama mbovu. Mzee aliwekewa sahani ya ng'ombe wake wa mwisho, na watu wanacheka, ndipo akasema meno yanamuuma. Mwebesa aliyajua yote. Alikuwa amevaa suti ya bwana harusi, akanyamaza.

Ndani ya pikapu nilimuuliza kwa nini alimwacha.

“Ningemweka, ungeniuliza huyu wa mwisho ni nani,” alisema. “Ningekujibu nini?”

Mzee Leonadi alifariki mvua za masika zilipoanza. Hakuwahi kumwita Mwebesa wala kwa wema wala kwa ubaya. Alipougua alimwagiza Nabasa, na mwanawe akija alimsalimia kama jirani. Baada ya maziko meza ikaletwa kwetu, kwa kuwa kule Kimuli hakuna aliyetaka kukaa nayo. Sasa iko sebuleni kwangu.

Mwebesa alishona upya ngozi ya mvukuto, akawasha mkaa. Alitaka kumtengeneza Bihogo amweke langoni, hata kama wa kumwita hayupo. Alikunja jozi ya kwanza akaitupa, akakunja nyingine akaitupa. Kila pembe iliyotoka ilikuwa ya mwingine, ya Kyasha, ya Siina. Rundo likakua pembeni mpaka wateja wakaanza kuuliza kama ni vya kutundikia nguo. Jioni moja nilisimama mlangoni nikamtazama, nikataka kusaidia.

“Zilikuwaje, Baba Prudensia? Jaribu kukumbuka.”

Hakuinua kichwa. “Waulize kwenu,” alisema. “Ninyi ndio mliomla.”

Hakuwa amewahi kuniambia neno kama hilo, na hakulirudia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilikwenda uani nikampigia simu baba yangu Muleba, nikamuuliza kama kuna mtu alizihifadhi pembe za yule ng'ombe wa mahari yangu. Alicheka mpaka akakohoa. “Pembe za yule bibi? Zilitupwa shimoni siku ile ile, zilikuwa zinatukwaza. Za nini sasa?” Nikajaribu kumkumbuka mimi mwenyewe. Alikaa kwetu akiwa amefungwa kwenye mgomba, nilipita karibu naye nikienda kusukwa nywele. Nilifumba macho kama afanyavyo Mwebesa. Sikuona pembe, sikuona hata rangi. Ninachokumbuka ni kwamba nyama ilikuwa ngumu.

Wageni wakija wanaipenda meza yetu. Wanainama, wanashangaa, kisha lazima mmoja aulize: pale langoni pameachwa pa nani? Aliyeuliza mwisho alikuwa Evaresta, mke wa Aristides, na hakuwa na nia mbaya. Alipoondoka nilifungua sanduku langu la harusi, nikatoa kitambaa kikubwa alichonifumia mama yangu, ambacho hakijawahi kutandikwa. Nikakitandika juu ya kioo, nikanyoosha pembe zote nne mpaka zikashuka karibu na sakafu.

Mwebesa aliporudi alikiona. Nilidhani atakivuta akitupe, na nilitaka akivute. Aliketi, akaweka kikombe chake cha chai juu yake, akaniomba sukari.